Mdahalo au mazungumzo ya wawiliwawili?

Katika kuwazoeza wanafunzi kuzungumza lugha wanayojifunza, mdahalo unanoga, lakini hesabu yake inaumiza: kipindi cha dakika 40, wanafunzi 40, na wasemaji ni walewale wachache wenye ndimi nyepesi. Waliobaki kazi yao makofi. Hata hivyo, kitu ambacho mdahalo hufundisha vizuri, tena sana, ni kujenga hoja na kumjibu mpinzani papo hapo.

Wakikaa wawiliwawili, nusu ya darasa inazungumza kwa wakati mmoja. Kelele zipo, na wengine huteleza kwenye lugha waliyoizoea. Hapo mimi huleta zoezi la 4/3/2: mwanafunzi anasimulia kisa kwa dakika 4, anabadilisha msikilizaji, anakirudia kwa 3, kisha kwa 2. Sikiliza zile “aaa… yaani…” zinavyopungua. Kwa wanaoanza, naanza na hili, mdahalo utafuata.