Bangili ya sumaku ya elfu 65, nimeivaa wiki sita, naipa nyota 2 kati ya 5

Jamani naomba niseme kuhusu hizi bangili za sumaku maana kila nikiona mtu anauliza kama zinafanya kazi wauzaji wanamjibu njoo inbox. Mimi nna pumu tangu darasa la nne, kifua kikibana navuta salbutamol na asubuhi na jioni navuta ile nyingine ya kukinga. Sa kuna dada mmoja huwa anapita saluni ninaposukia, akaniona navuta akaniambia wewe bado unajijaza makemikali, vaa hii damu itembee vizuri pumu utaisahau. Elfu 65. Nikalipa kwa simu hapohapo kichwa kikiwa nusu kimesukwa, msinicheke.

Kwanza boksi lake zuri kwakweli, jeusi lina sponji ndani, na kikaratasi kina mchoro wa mishipa ya damu kabla na baada. Bangili yenyewe nzito, inang'aa, mpaka leo haijachuja. Na sidanganyi, wiki ya kwanza tofauti niliiona, ofisini tuko ghorofa ya tatu lifti haina uhai lakini nikawa nafika juu najisemea mbona leo sijahema, usiku nalala moja kwa moja, nikaanza kumsifia yule dada kwa mashosti na ile dawa ya kukinga ya jioni nikawa naisahau makusudi.

Kilichoniokoa ni kile kidude cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi, nilinunua zamani baada ya kulazwa. Siku nikiwa vizuri napuliza 390. Wiki ya tatu, bangili mkononi, najiona niko fresh kabisa, nikapuliza ikasoma 270. Nikasema kimekufa hiki. Nikarudia, 260, tena 270. Nikavuta salbutamol mara mbili nikakaa kama robo saa nikapuliza, 350! Yani kifua kilikuwa kimebana siku nyingi tu na mimi mwenyewe sina habari, hapo ndo nilipoogopa maana mwenye pumu asiyejua kwamba amebanwa ndo yule wanaembeba usiku wa manane.

Nikaenda kusoma. Kumbe mwaka 2011 madaktari wa Boston walitoa utafiti wao juu ya wagonjwa wa pumu, mtu mmojammoja kwa zamu anapewa salbutamol halisi (Marekani wanaiita albuterol), siku nyingine inhela tupu haina dawa ndani, siku nyingine sindano za kichina (akupancha, zile za kuchomwachomwa mwilini) ila za kuigiza, siku nyingine hapewi kitu anakaa tu. Ukiwauliza wamejisikiaje, dawa halisi wakasema nafuu asilimia 50, inhela tupu 45, zile sindano 46, yani hakuna anayejua ipi ni ipi. Wasipopewa kitu 21. Sa njoo kwenye mashine ya kupima mapafu: dawa halisi imeongeza pumzi asilimia 20, hizo tatu nyingine kama 7 tu kila moja, inhela tupu sawasawa na kukaa bure. Nilivyosoma hapo nikaitazama bangili yangu nikacheka peke yangu.

Hiyo ndo inaitwa plasibo, na msichanganye na dawa feki za magendo, plasibo haina kitu na aliyeitengeneza anajua haina kitu.

Lakini siitukani sana kwa sababu ya mama. Goti linamsumbua miaka, aliiomba nikampa, sasa anatoka kwenda sokoni mwenyewe na anasema usiku halimchomi tena. Na hizi sumaku zilishapimwa, watafiti wa chuo kikuu cha York kule Uingereza walitoa majibu 2013, wagonjwa 70 wa baridi yabisi walivaa kwa zamu mikanda ya sumaku, iliyotolewa sumaku, na bangili za shaba, hakuna iliyoshinda nyingine ya maana. Kwahiyo goti la mama najua halijapona, ila maumivu ni kitu mtu anakisikia, akisema yamepungua mimi nani nimbishie? Simvui. Ninachomkazania ni vidonge vyake vya presha maana yule dada alishamnong'oneza kwamba bangili inashusha na presha, na presha haiumi, utajionaje umepona ugonjwa ambao hata ukiwa nao husikii kitu? Nahesabu vidonge kila Jumapili, ananikasirikia, poa tu.

Nyota moja ya boksi, moja ya mama. Mwenye pumu asinunue, hiyo elfu 65 ongezea kwenye inhela na hicho kidude cha kupuliza.

Yule dada nilimtumia picha za namba zangu zote, 270 na ile 350 baada ya dawa. Akanijibu kwa voisi, kapoa kabisa: dada yangu, haiwezi kukusaidia ukiwa unajipimapima hivo.