Sakafu ya mninga ya ghorofani, Tabora: uzoefu wangu na mafundi wa mashine ya msasa

Nianze na hukumu, ili asiye na muda aishie hapa: kazi nimeipenda, vumbi lilinikera, na ningewaita tena kwa masharti mawili.

Nyumba ni ya familia, Tabora mjini, katika zile za ghorofa moja walizojenga wafanyabiashara wa Kihindi baada ya reli kufika mwaka 1912. Chini duka, juu watu wanalala, na katikati ni mbao za mninga zilizopigiliwa juu ya maboriti, bila dari. Kwa miaka na miaka zilipakwa polishi nyekundu juu ya polishi nyekundu, hata ukiambiwa ni mkaratusi ungekubali. Njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni ilikuwa imelika, vichwa vya misumari viko nje vinachana soksi. Kila ndugu aliyepita alishauri marumaru. Lakini marumaru yanataka zege chini yake, na sikuwa tayari kuyabebesha maboriti ya umri ule mzigo wote huo juu ya kichwa cha mpangaji.

Niliowapata ni kikundi kidogo cha maseremala wenye mashine ya kusimama, ile yenye roli linalovishwa msasa na kusukumwa kama ya kukatia majani. Wanatoza kwa mita ya mraba, msasa unanunua mwenyewe. Jumla, pamoja na vanishi, ilizidi kidogo nusu ya bei niliyotajiwa ya marumaru. Kilichonifanya niwaamini ni kwamba siku ya kupima, fundi mkuu hakuitaja mashine kabisa. Alipiga magoti, akachokoa mbao za pembeni kwa ncha ya kisu, akasema, "Bosi, hizi mbili zenye weupe zimeliwa, tunatoa. Hizi nyekundu ni moyo wa mti, mchwa hana habari nazo." Ndivyo mninga ulivyo: ule weupe wa nje ni chakula cha wadudu, moyo wake unadumu.

Polishi ndiyo iliyokula muda. Ina nta ndani yake. Ukipitisha mashine inayeyuka kwa joto na kuziba msasa, ukanunua msasa mwingine kabla hata hujamaliza chumba. Kwa hiyo walikwangua kwa vipande vya bati ngumu, wakafuta kwa tapentaini, tambara baada ya tambara, mpaka likaanza kutoka safi. Kisha kila msumari ukazamishwa chini ya uso wa mbao, maana mmoja tu ukibaki juu unachana msasa wote. Ukiniuliza, hela yangu niliilipia hapa.

Mashine yenyewe ilianza na msasa namba 40, ikaenda 60, 80, ikaishia 120, ikifuata urefu wa mbao. Msukumaji hasimami roli likiwa linazunguka chini. Akisimama kidogo tu linachimba bonde ambalo halifutiki kirahisi. Nilipouliza kwa nini tusiruke 60 tuokoe hela, fundi hakubishana. Alilaza tochi sakafuni, mwanga ukateleza juu ya mbao, nikaona mikwaruzo ya namba 40 imejipanga mstari kwa mstari. Nikanyamaza, nikatoa hela ya msasa. (Luku nayo iwe na akiba, ule mota unakula umeme.)

Sasa vumbi. Mashine ina mfuko wa kulikusanya, ila wao walikuja na uliochanika. Mbao zetu hazikuchomekana, zina nyufa, basi ule unga wa rangi ya dhahabu ukashuka moja kwa moja dukani, juu ya magunia ya mchele. Mzee mpangaji akapanda ngazi taratibu, akasema, "Mwanangu, wateja wananiuliza kama siku hizi nauza pilau." Turubai lilifungwa baada ya hapo. Vumbi la mninga pia linawasha pua na kifua. Kijana mmoja alipiga chafya mchana kutwa, barakoa hana. Sharti langu la kwanza: mfuko mzima, turubai chini kabla ya kuwasha mashine, na kila mtu avae barakoa.

La pili linahusu pembeni. Roli halifiki ukutani, hapo inaingia mashine ndogo ya mkono ya duara. Kwenye chumba kidogo waliharakisha, wakaacha alama za mizunguko. Hazikuonekana mpaka vanishi ilipopakwa mara ya kwanza na jua la asubuhi likaingia dirishani. Niliwaita, wakanung'unika, lakini walirudi na kurudia kwa mkono bila kudai chochote. Kwa hiyo usimalize kulipa kabla hujapitisha tambara la tapentaini pembe zote: mbao ikilowa, kila mkwaruzo unajitokeza.

Nyufa kubwa nilitaka zijazwe unga wa mbao na gundi. Fundi alikataa, akasema tuko kiangazi, mbao zimesinyaa, mvua zikija zitavimba na kuutema ule mchanganyiko. Alichonga vipande vyembamba vya mninga, akavichomeka na kuvigundisha upande mmoja tu ili mbao ipate nafasi ya kucheza. Mvua zimeanza Novemba na kuisha, hakuna hata kimoja kilichochomoka.

Sebule na korido zilipakwa vanishi ya mafuta mara tatu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo wa Septemba. Inang'aa, na maji yakimwagika unafuta tu. Mama hakutaka mng'ao wala harufu ile chumbani kwake, tukampakia nta kutoka Sikonge, iliyoyeyushwa kwa sufuria ndani ya sufuria, kisha ikaepuliwa kabisa motoni ndipo ikatiwa tapentaini. Chumba chake ndicho kizuri kuliko vyote, ingawa glasi ya maji ikikaa sakafuni inaacha duara, na kila baada ya miezi michache kuna kazi ya kusugua.

Ngazi bado. Mashine haipandi pale, na bei waliyoitaja ya kupiga msasa kwa mkono bado tunavutana.