Fundi aliyekuja kutoa maikrowevu akaanza kwa kumuulizia baba

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Maikrowevu yangu ni ile ya kupachikwa ndani ya kabati la jikoni, siyo ya kuweka mezani. Ikaanza visa: taa inawaka, sahani inazunguka, inanguruma vizuri tu, ukitoa wali ni wa baridi vilevile. Duka lililoniuzia liko mjini hapahapa Dodoma na sitalitaja. Wakasema hawatengenezi majumbani, mashine itolewe ipelekwe kwao, na fundi wao atakuja kuitoa. Shilingi elfu hamsini, nusu kwanza. Nikatuma kwa simu.

Fundi akafika Ilazo na kijana wake. Hodi, karibu, na kabla hata hajavua viatu: "Baba yupo?"

Nikadhani anamfahamu mume wangu. Wapi! Alikuwa anatafuta mtu wa kuongea naye. Nikamwambia baba yuko Singida kikazi, aliyepiga simu ni mimi, aliyelipa ni mimi, na jiko ni lile pale. Akatabasamu. "Sawa mama, ila baba angekuwepo tungeelewana haraka."

Tungeelewana nini? Hatujagusa hata skurubu!

Nikamwomba jambo moja, na nililiomba kwa adabu: tuzime saketi breka ya soketi za jikoni kabla hajashika kitu. Sikuota usiku nikaamka nalo. Maikrowevu ya kabatini plagi yake iko nyuma, huifikii mpaka mashine itoke. Maana yake wakati unaivuta, waya bado una umeme wa volti 230, na ukibanwa kati ya bodi ya chuma na ukingo wa kabati ganda lake linaweza kuchanika, huku wewe umeikumbatia ile bodi kwa mikono miwili. Kitabu chake kimeandika hivyohivyo, nilikuwa nacho mkononi. Akachomoa testa mfuko wa shati akanionyesha, kana kwamba testa ndiyo inayozima umeme. "Mama, hii kazi nimeanza zamani. Ukizima, friji lako litayeyuka."

Friji kuyeyuka kwa nusu saa! Nikaenda mwenyewe kwenye ubao wa breka koridoni nikazima. Nikarudi nikamkuta ananong'ona na kijana huku anacheka. Nilipomuuliza kama ana leseni ya kazi za umeme kutoka EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, akaniuliza kama mimi ni mkaguzi.

Haya. Kazi ikaanza, na hapa nitamtendea haki: ana nguvu. Ila nguvu ndiyo iliyoniletea hasara. Mashine hizi hushikwa na skurubu kwenye fremu, unaziona ukifungua mlango, na nyingine zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki vya rangi ileile ya fremu. Yeye akafungua zile zinazoonekana, akashika mpini wa mlango, akavuta. Mpini wa mlango! Sahani ya kioo bado imo ndani inagongagonga. Nikapiga kelele. Mlango wa maikrowevu siyo wa kabati la nguo, ndio unaozuia mawimbi yasitoke nje. Ukipinda au bawaba zikilegea, chombo si cha kuwasha tena mpaka kipimwe. Akavuta tena. Tukasikia "kwaa", na ubavu wa kabati ukabanduka kipande kirefu cha MDF, ule ubao wa unga wa mbao, kimeng'oka na rangi yake, unga wa mbao ukamwagika sakafuni.

Unajua alisema nini? "Kabati hili seremala wako alikudanganya."

Kijana wake, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasogea. "Samahani mama," akanipita, akatoa sahani na kile kipete chenye magurudumu akavilaza mezani juu ya taulo. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kwenye fremu upande wa kushoto, toka juu hadi chini, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo. Akasimama mahali. Akabandua kifuniko kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi, na chini yake skurubu hiyo hapo. Cha pili kilikuwa chini zaidi. Bisibisi ya nyota, dakika chache, mashine ikalegea yenyewe. Akamwambia mkuu wake ashike kwa chini upande mmoja, yeye upande mwingine, wakaivuta kidogo, akaingiza mkono nyuma akachomoa plagi, wakaitoa. Kumbe inawezekana! Zile zinaweza kuvuka kilo 20, lakini wawili wenye akili hawahitaji kuvunja kitu.

Nyuma yake sasa, lo, vumbi la Dodoma mnalijua. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa kwa vumbi jekundu, na mende walikuwa wameshahamia. Kijana akaomba brashi akapangusa bila kuambiwa. Nikaanza kulainika. Nikasema moyoni, hawa nitawapa hata nyota tatu.

Nikageuka kuchota maji ya kunywa niwape. Kurudi, mkuu amepiga magoti sakafuni, anafungua skurubu za bodi ya nyuma. "Naangalia fyuzi tu, mama, pengine hata dukani hatufiki."

Jamani. Ndani ya maikrowevu mna kapasita inayotunza umeme wa volti kama 2,000, na inaweza kubaki nao hata ukishachomoa plagi. Watu wamekufa hivyo, wengine ni mafundi. Hiyo ni kazi ya karakana, ya mtu anayejua kuutoa ule umeme kwanza, siyo ya vigae vya jikoni kwangu na mwanangu anachungulia mlangoni. Sikutumia tena adabu. Nikamwambia aweke bisibisi chini. Akaniangalia, akasema kwa sauti ya upole kabisa, na upole huo ndio ulionikera: "Ndiyo maana nikauliza baba yupo."

Kijana akasema, "Mkuu, tuipeleke tu." Wakaipeleka. Walitaka kuifunga kwenye bodaboda, nikakataa, nikaita bajaji kwa hela yangu.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba imepona. Mzee wa karakana dukani kwao alibadilisha dayodi, kipuri kidogo cha umeme cha ndani, akanipa ile mbovu niione. Halafu akakipitisha kipimo kidogo kuzunguka ukingo wote wa mlango, mbele yangu, akanieleza kuwa kikomo cha mawimbi yanayovuja ni miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, ukipima umbali wa sentimita 5. Mlango uko salama, pamoja na kuvutwa vile. Mzee huyo nyota tano, na chai juu. Kwa hiyo duka ni zuri? Ndiyo. Hapana. Karakana ni nzuri; kwa wanaotumwa majumbani, omba Mungu akupangie yule kijana.

Meneja amenipigia juzijuzi, anasema fundi yuleyule atakuja kuirudisha kabatini na kuchukua malipo yaliyobaki. Nimemwambia aje kijana, na wa pili awe mtu mwingine yeyote, waje na seremala na kipande cha MDF cha rangi ileile. Elfu ishirini na tano yao iko kwenye simu yangu. Ubavu wa kabati kwanza, hela baadaye, na hilo wataongea na mimi, siyo na baba.