Fiziotherapia ya nyumbani baada ya ICU: tathmini ya huduma tuliyoipata Mji wa Kale, Mombasa

Naandika kwa ajili ya familia zinazompokea mgonjwa kutoka ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, akiwa na mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki, bila maelezo yoyote kuhusu namna nguvu za mwili zitakavyorudi. Huduma ninayoitathmini ni ya mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) anayekuja nyumbani, tuliyemwajiri kwa ajili ya mama yangu baada ya nimonia kali iliyomweka kwenye mashine ya kupumulia.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba alianza kwa kupima. Alijaribu nguvu za mikono na miguu kwa kipimo cha alama 60, ambacho matokeo yaliyo chini ya 48 huhesabiwa kuwa dalili ya udhaifu unaotokana na uangalizi mahututi, kisha akahesabu ni mara ngapi Mama angeweza kuinuka kitini kwa nusu dakika. Alitueleza kuwa utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha msuli wa mbele wa paja ukipungua kwa takriban asilimia 18 katika siku 10 za mwanzo za ugonjwa mahututi. Maelezo hayo yalimtuliza Mama kuliko maneno yetu yote ya kumpa moyo, kwa sababu alikuwa ameanza kujiona mvivu.

Baadaye mtaalamu alimuuliza Mama swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza hospitalini: ni jambo gani analotamani kulifanya tena kwa mwili wake mwenyewe? Mama alijibu kwamba anataka kusujudu. Alikuwa akiswali juu ya kiti, jambo ambalo dini inamruhusu mgonjwa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mswala. Basi mazoezi yakapangwa kuelekea huko. Kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda bila kuegemea, akafuatia kuinuka kwenye kiti kilichoongezwa mito, ambayo ilipunguzwa mmoja mmoja kadiri mapaja yalivyopata nguvu. Kisha akainama huku ameshika meza, na mwisho akapiga magoti na kuinuka kutoka sakafuni, hatua iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Bidii yake ilipimwa kwa pumzi: akiweza kuzungumza sentensi nzima aliendelea, akishindwa alipumzika, na kifaa cha kupima oksijeni kilibanwa kidoleni muda wote.

Ngazi za nyumba yetu, ambazo ni nyembamba na zenye mwinuko mkali kama zilivyo nyingi za Mji wa Kale, nazo ziliingizwa katika mpango. Tuliweka kiti kwenye kituo cha katikati, na wajukuu wakaombwa kwa upole waache kumletea Bibi kila kitu kitandani, kwani kwenda mwenyewe kuchukua kikombe cha chai ni sehemu ya tiba.

Yapo yaliyopungua. Ziara za awali zilipangwa saa nane mchana, katika joto la kaskazi lenye unyevu linalomchosha hata mwenye afya. Tulilazimika kusisitiza ndipo zikahamishiwa asubuhi mapema. Nauli ilitozwa kando ya ada ilhali hatukuambiwa tangu mwanzo. Kubwa zaidi, hakuna aliyeuliza kuhusu usingizi, ndoto za kutisha wala kusahausahau, ingawa mambo haya huwapata wagonjwa wengi waliotoka ICU na humvunja mtu ari ya kufanya mazoezi. Ushauri wa chakula pia tuliupata kwingine: mtaalamu wa lishe ndiye aliyetuhimiza kuongeza samaki, mayai na mbaazi, kwa kuwa msuli haujengeki kwa uji mtupu.

Pamoja na hayo, naipendekeza huduma ya aina hii kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia na ambaye safari ya tuktuk hadi kliniki ingemmalizia nguvu kabla ya mazoezi kuanza. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au oksijeni inayoshuka arudishwe kwanza kwa daktari. Kabla ya kulipa, omba uthibitisho kwamba mtaalamu amesajiliwa na Baraza la Fiziotherapia la Kenya, uliza gharama yote pamoja na nauli, na udai vipimo vya mwanzo viandikwe ili virudiwe baadaye. Vya Mama vilirudiwa, na ongezeko la alama zake ndilo lililotushawishi kuendelea kulipia.