Taa za Kurekodia Video Karakanani: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mafundi wanaoanza kurekodi kazi zao kwa simu wana lalamiko moja, kwamba video zinatoka na giza, na kwa sababu hiyo huenda mjini kutafuta taa yenye wati nyingi kuliko zote. Wakirudi, giza limeondoka kweli, lakini mbao imepata rangi ya udongo na paji la uso la fundi linang'aa kama sahani.

Karakana nyingi za hapa Mwanza ni mabati juu na mlango mmoja mpana. Simu ikielekezwa kwenye benchi huku mlango ukiwa nyuma ya fundi, hupima ule mwanga mkali wa nje, ikapunguza mwangaza wa picha nzima, na mikono inayofanya kazi ikabaki kivuli. Ugonjwa huo hauponi kwa taa. Geuza benchi ili mlango uwe ubavuni, shikilia kidole kwenye skrini mahali palipo na mbao mpaka simu ifunge kipimo chake, kisha shusha mwangaza kidogo ili chuma cha randa kisigeuke doa jeupe. Ukishafanya hivyo ndipo utakapojua unapungukiwa na nini hasa.

Nafasi ya kwanza naipa balbu mbili za LED za kawaida, za kufunga kwenye holda, mradi boksi lake liwe limeandikwa CRI au Ra ya 90 na kuendelea. Kipimo hicho, ambacho mwisho wake ni 100, kinaeleza jinsi rangi za vitu zinavyoonekana kwa uaminifu chini ya taa ile. Balbu nyingi za bei ya chini ni 80 au pungufu, na upungufu wake huonekana zaidi kwenye wekundu, yaani palepale penye uzuri wa mninga. Nimewahi kurekodi ubao wa mninga uliotoka kupigwa msasa, wenye mistari myekundu iliyokolea, na kwenye video ukatokea kama mbao ya boksi. Chagua pia balbu nyeupe ya kati ya kelvini 5000 na 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, kutoka njano hadi buluu), kwa sababu inakaribiana na mwanga unaoingia mlangoni. Balbu ya njano ya kelvini 2700 ikichanganyika na mwanga wa mchana, upande mmoja wa uso huwa wa chungwa na mwingine wa buluu.

Balbu tupu hutoa vivuli vyenye makali. Tengeneza fremu ya papi, utandike shuka jeupe, uisimamishe kati ya taa na benchi bila kitambaa kugusa balbu. Sasa kinachomulika ni shuka zima, na vivuli vinalainika. Usiiweke mbali, kwani taa iliyosogezwa kutoka mita moja hadi mita mbili huleta takribani robo tu ya mwanga wake.

Kabla ya kulipa, uwe Makoroboi, mtaa ambao jina lake lenyewe linakumbusha vibatari, au uwe katika duka kubwa la vifaa vya umeme, omba balbu iwashwe kisha uitazame kwa kamera ya simu kwa ukaribu, ikiwezekana katika hali ya mwendo wa polepole. Ukiona mistari myeusi inapita, irudishe. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa yenye saketi duni hupwesa, yaani hufifia na kuwaka, mara mbili kwa kila mzunguko, sawa na mara 100 kwa sekunde. Programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) ya 1/50 ya sekunde hupunguza tatizo hilo, lakini haifanyi taa mbovu kuwa nzuri. Kupwesa huko ni hatari pia kwenye mashine, kwa kuwa kunaweza kufanya msumeno wa duara unaozunguka uonekane kama umesimama.

Ya pili ni paneli ya LED yenye nafasi ya betri. Ningeiweka ya kwanza kwa anayerekodi nje ya karakana, mfano mafundi wa mitumbwi wanaofanya kazi ufukweni pasipo soketi, na kwa yeyote aliyechoka kusimamisha kazi kila umeme unapokatika. Uliza kama bei inajumuisha betri, kwa maana mara nyingi huuzwa peke yake, na uijaribu ikiwa imepunguzwa mwanga, kwani baadhi huanza kupwesa hapo.

Ya tatu si taa: ni bati la plastiki linalopitisha mwanga, lifungwe juu ya benchi. Halina bili, ila wingu likipita kipimo hubadilika, na mwenye karakana ya kupanga atamwachia mwenye nyumba.

Taa ya duara, ile vijana waiitayo ringilaiti, naiweka ya nne. Imetengenezwa kumulika uso kutoka mbele, na mwanga wa mbele hufuta vivuli vinavyoonyesha kina cha tundu au ukali wa patasi. Kwenye vanishi na chuma huacha pete nyeupe.

Ya mwisho ni taa kubwa ya kumulika uani, ingawa ndiyo mafundi huikimbilia kwanza. Inamulika kila mahali kwa ukali uleule, na boksi lake mara nyingi halitaji CRI kabisa. Niliifunga yangu usiku mmoja nirekodi namna ya kupaka vanishi kwenye meza, mlango ukiwa wazi kuelekea ziwani. Kabla koti la kwanza halijakauka, vijidudu vya ziwani vilikuwa vimejaa juu ya meza, vimenata, na asubuhi nilianza upya kwa msasa.