SHA baada ya kuitumia: zahanati iko sawa, malipo ya mwaka mzima ndio shida

Nimengoja nitumie hii SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, kwanza ndio niseme kitu, maana tangu ichukue nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024 ni kelele tu kila mahali, kwa matatu, kanisani, kwa makundi ya familia, na wengi wanaobishana hawajui kuna mifuko mitatu humo ndani.

Naanza na zuri. Ule mfuko wa huduma za msingi, wa zahanati na vituo vya afya vya levo 2 na 3, huo naupenda kabisa. Unalipwa na serikali, wewe unatakiwa tu uwe umejisajili. Mama mdogo anauza mboga, nilimsajili kwa *147# kwa hiyo simu yake ya kabambe, akaenda zahanati na kifua kinachomsumbua, akaonwa, akapewa dawa na hakutoa hata shilingi. Watu waambiwe hili kwa sauti, kuna wagonjwa wamekaa nyumbani wakidhani ni lazima walipe kwanza.

Lakini sasa kujisajili si kulipa, na hapa ndio watu wanaumia. Ukilazwa hospitali kubwa ni mfuko mwingine wa SHA ndio unakulipia, unaitwa SHIF, na huo lazima uwe umechangia. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mimi kwa hilo sina ugomvi, wa 20,000 alikuwa anakatwa 750 kwa NHIF sasa ni 550, na wa 100,000 ametoka 1,700 akaenda 2,750, mwenye nacho kubeba zaidi ni haki. Najua wa mishahara mikubwa watanikasirikia.

Shida iko kwa asiye na peslipu. Anaulizwa maswali ya nyumba yake, ukuta wa nini, choo gani, anapikia nini, anapigiwa hesabu, halafu anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Hata ukiwekwa kile kiwango cha chini kabisa cha 300 kwa mwezi hiyo ni 3,600 mara moja, na mtu wa boda au wa mboga pesa yake inakuja kwa siku na inaisha kwa siku, wakati wa NHIF mama mdogo alikuwa anatoa 500 kila mwezi na alikuwa anaweza. Ndio mwaka 2025 ikabidi waanzishe Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipa mchango huo kidogo kidogo, na mimi nauliza, hii si ingekuwepo siku ya kwanza? Mahakama Kuu iliona wananchi hawakushirikishwa vya kutosha ikasema sheria zilizoleta SHA ni kinyume cha katiba Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo Septemba mambo yakaendelea, lakini mama mboga mmoja tu angeulizwa mapema angewaambia pesa yake inavyoingia.

Kingine, hospitali moja niliyompeleka jirani tuliambiwa sistimu imelala tulipe keshi, na michango yake yote iko sawa. Tukangoja masaa manne ikarudi. Msikubali kulipa haraka, ulizeni kwanza.

Nyota 3 kwa 5. Mkishalipa, angalieni kama bibi au bwana na watoto wameingizwa, ni wa mchango huohuo mmoja, msingoje mpaka mko kwa dirisha la hospitali usiku.