Sheka za Zamani: Uanze na Ipi?

Sheka ya kokteli, chombo cha kutikisia pombe iliyochanganywa, ikiwa na umri wa miaka 80 hainunuliwi kwa picha. Kabla ya kuuliza bei, mwombe muuzaji aijaze maji nusu, aifunge, aipindue. Ikivuja, hiyo ni pambo la kabati.

Kwangu ya kwanza ni Gaiety ya kampuni ya Chase, Connecticut. Howard Reichenauer aliibuni 1933, mwaka uleule Marekani ilipofuta marufuku ya pombe iliyoanza 1920. Ni silinda ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu na kuzungushiwa pete nyeusi. Hapo ndipo penye ujanja wake: madini ya fedha huingia weusi na kudai kusuguliwa, kromu unaipangusa tu kwa kitambaa. Hivyo hata mtu wa mshahara mdogo, uchumi ukiwa taabani, aliweza kuweka kitu cha kung'aa mezani. Tafuta mhuri wa kiumbe nusu mtu nusu farasi anayevuta upinde. Halafu kagua pale kiganja kinaposhika. Kromu ikilika, umanjano huchungulia. Ukichungulia kidogo si neno. Ikibanduka kama maganda, achana nayo, vipande vitaishia kwenye glasi.

Ya pili ni zile za kioo cha bluu zenye kifuniko cha kromu. Ni rahisi, na unaona kilichomo. Pitisha ukucha ukingoni kutafuta ufa, na uoshe kwa mkono, maana michoro yake hufutika.

Pengwini wa 1936 wa kampuni ya Napier, sheka yenye umbo la ndege huyo, anayemimina kwa mdomo wake, nampenda mno. Lakini bei yake ni ya kuuza ng'ombe, na nakala mpya zimezagaa. Nampa nafasi ya tatu kwa shingo upande. Seti ya Manhattan ya mbunifu Norman Bel Geddes, yenye mifereji ya wima kama ghorofa za New York, waachie makumbusho.

Ukiuziwa pia chupa za kioo cha kristali chenye madini ya risasi, zinapendeza mezani, ila usilaze pombe humo. Risasi hutoka kwenye kioo na kuingia kwenye pombe taratibu.

Na kabla ya kulipa, dai picha ya kile kizibo kidogo cha juu. Yangu ilifika bila hicho, na vya sheka nyingine havikai. Mpaka leo natikisa nikiwa nimeziba kwa kidole gumba.